Nimwandike Mara Ngapi?

Yule mhudumu wa afya ya jamii alifika kabla ya wenzake wote, na rejista yake ilikuwa imebanwa kwa mpira kwa sababu jalada na kurasa zilikwisha kuachana. Ilikuwa wiki ya mwisho ya mradi. Nilikuwa na kompyuta mpakato mapajani, jedwali la ripoti ya mwisho liko wazi, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa nyepesi: kutoa namba kwenye rejista za wahudumu wa afya ya jamii na kuziingiza kwenye visanduku vya mfadhili.

Kisanduku cha kwanza kiliuliza: idadi ya watu waliofikiwa.

Alifungua rejista, akaweka kidole kwenye jina moja.

"Huyu mama nimemtembelea mara kumi na moja," akasema. "Aliacha dawa za kifua kikuu mwezi wa pili. Siku ya kwanza alinifukuza. Mara ya nne ndiyo akanikaribisha ndani. Mara ya tisa tukaongozana wote mpaka kliniki. Sasa mwanangu, kwenye karatasi yako nimwandike mara ngapi?"

Nikamwambia mara moja.

"Na ule mkutano wa shuleni, ule wa nusu saa?"

"Walikuwa wangapi?"

"Kama sitini hivi."

"Basi hao ni sitini."

Hakubisha. Alinitazama, akatazama rejista yake, halafu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeambiwa kanuni za mchezo baada ya kipenga cha mwisho.

"Ningejua," akasema, "ningekuwa nahutubia tu."

Kisanduku cha nani?

Jibu langu lilikuwa sahihi. Maelezo ya viashiria, yaani vipimo vya matokeo ya mradi, yanasema wazi kwamba mtu mmoja anahesabiwa mara moja katika kipindi chote cha mradi, hata akifikiwa mara mia, ili tusije tukaripoti watu hewa. Ni kanuni nzuri. Bila hiyo, mjanja mmoja angemsalimia jirani yake kila asubuhi na mwisho wa mwaka akadai amehudumia kata nzima.

Lakini wiki ikapita, ya pili ikapita, na kile kicheko hakikutoka masikioni.

Nilianza na njia niliyoizoea, ya kumlaumu mfadhili. Kila aliyewahi kufanya kazi kwa fedha za ruzuku anazo lawama hizi tayari mfukoni: fomu ndefu, risiti ya kila kitu, fedha za awamu ya pili zinazofika wakati shughuli za awamu hiyo zilitakiwa ziwe zimekwisha. Nikafungua faili la andiko letu la mradi kutafuta ukurasa ambao walitubana. Sikuuona. Mwongozo wao ulimtaka mwombaji apendekeze viashiria vyake mwenyewe.

Kisanduku kile nilikiandika mimi.

Naukumbuka hata usiku wenyewe. Bajeti ilikuwa imekamilika, siku ya mwisho ya kutuma ni kesho, na nilitaka gharama kwa kila mnufaika itoke ndogo. Ukizigawa fedha zile kwa wagonjwa walioacha dawa na kurudishwa kwenye matibabu, unapata namba ya kutisha. Ukizigawa kwa "watu waliofikiwa", mikutano ya hadhara ikiwemo, unapata namba inayomfurahisha anayesoma maandiko mia mbili kwa wiki. Nikachagua ya pili. Hakuna aliyenishika mkono.

Kwa hiyo makala hii si ya kumsema mfadhili. Nilitaka kujua ni lini tulianza kuhesabu hivi, na kama kuna aliyewahi kuhesabu vingine akafanikiwa. Nikawa nasoma usiku, kidogo kidogo.

Dawa bila choo

Kisa cha kwanza kilichonishika ni cha safura.

Oktoba 1909, tajiri wa mafuta John D. Rockefeller alitoa dola milioni 1 za kupambana na minyoo ya safura katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Ilikuwa ruzuku ya miaka 5, na msimamizi wake, Wickliffe Rose, hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa falsafa. Wengi huko waliishi na safura bila kuijua. Mnyoo huingilia kwenye ngozi, mara nyingi kwenye nyayo za anayetembea pekupeku kwenye udongo uliochafuliwa kwa kinyesi, kisha unafyonza damu utumboni mpaka mtu anakuwa mchovu, mweupe wa midomo, mzito wa kufikiri. Majirani walimwita mvivu.

Timu za Rose zilizunguka wilaya kwa wilaya na zahanati za muda. Watu walikuja kwa mamia, wakaonyeshwa minyoo kwenye darubini, wakapewa thaimoli, dawa ya minyoo ya wakati huo, na chumvi ya kuharisha, wakarudi nyumbani. Kila kituo kilituma namba. Mpaka kazi inafungwa, karibu watu 700,000 walikuwa wametibiwa.

Hiyo ndiyo namba ninayoitamani mimi katika kila ripoti. Kubwa, ya kweli, yenye risiti.

Tatizo ni kwamba mtu aliyetibiwa alirudi kwenye uwanja uleule. Nyumba nyingi za mashambani hazikuwa na choo, na thaimoli haikumkinga na mnyoo wa kesho yake. Rose alilijua hilo. Maandishi ya kampeni yenyewe yalihimiza vyoo. Lakini choo kinachimbwa polepole, kinahitaji mwenye nyumba ashawishike, na hakikusanyi umati mbele ya mpiga picha. Kampeni ilipofungwa, safura ilikuwa bado ipo, na iliendelea kuwepo kwa miongo kadhaa.

Nilipofika hapo nilikuwa tayari nimeshaandika kichwani sentensi ya kuwacheka. Halafu nikakutana na utafiti wa mchumi Hoyt Bleakley, wa mwaka 2007. Alilinganisha maeneo yaliyokuwa na safura nyingi kabla ya kampeni na yale yaliyokuwa na chache, akaona kwamba yale ya kwanza ndiyo yaliyopata ongezeko kubwa zaidi la watoto kuandikishwa shule, kuhudhuria na kujua kusoma. Watoto walioitwa wavivu waliamka.

Basi namba haikudanganya. Ilikuwa tu haijamaliza kusema.

Na kuna jambo jingine ambalo Rose alilifanya, ambalo hata leo waombaji wengi wa ruzuku hatulipendi. Alikataa kuendesha kazi pembeni ya serikali. Watumishi waliwekwa chini ya bodi za afya za majimbo, na wilaya zilitakiwa kuchangia chochote kwenye gharama za zahanati zao. Fedha ya tajiri ilikuwa kichocheo. Ilipoondoka, baadhi ya sehemu zilikuwa zimeonja ladha ya kuwa na afisa wa afya wa kudumu, na idara za afya za wilaya zikaanza kuota kwenye mashimo yale yaliyochimbwa kwa ajili ya minyoo. Ukiniuliza, hicho ndicho kitu kikubwa kilichonunuliwa na ile dola milioni 1, na sidhani kama kilikuwa na kisanduku kwenye ripoti.

Chumvi, sukari guru, na mtu wa kurudi kuuliza

Kisa cha pili nimekisoma mara tatu, na bado nakirudia.

Mwaka 1968 watafiti wa maabara ya kipindupindu ya Dhaka walionyesha kwamba mgonjwa wa kuharisha anaweza kuokolewa kwa kunywa maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi. Mwaka 1971, vita vya uhuru wa Bangladesh vilipowasukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India, daktari Dilip Mahalanabis alitumia mchanganyiko huo kambini Bangaon, ambako dripu hazikutosha, na vifo vikashuka sana. Sayansi ilikuwa imekwisha kusema. Iliyobaki ilikuwa nyumba kwa nyumba.

Shirika la BRAC la Bangladesh, lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed mwaka 1972, ndilo lililobeba kazi hiyo. Kati ya mwaka 1980 na 1990, kwa fedha za wafadhili, Oxfam wakiwa miongoni mwa wa mwanzo, wanawake waliofundishwa na BRAC walipita kwenye kaya zaidi ya milioni 12. Hawakugawa pakiti. Walimfundisha mama kuchanganya mwenyewe kwa alivyo navyo jikoni: chumvi ya kushika kwa vidole vitatu, sukari guru ya kujaza kiganja, na maji ya kipimo kinachojulikana.

Kuhusu kiashiria chao: wangeweza kuhesabu kaya zilizofundishwa. Ni rahisi, na namba ingekuwa kubwa mno. Mimi ningeichagua hiyo bila kufikiri. Badala yake, baada ya mwalimu kupita, mkaguzi mwingine alitumwa kwenye sehemu ndogo ya kaya zilezile, zilizochaguliwa kwa kubahatisha. Alimwomba mama aeleze alichofundishwa, kisha achanganye mbele yake. Malipo ya mwalimu yalitegemea mama anakumbuka kiasi gani.

Mwalimu aliyehutubia tu hakula.

Soma tena hapo. Ruzuku ililipa mtu wa kurudi. Kulikuwa na fungu la bajeti kwa ajili ya mlango uleule kubishwa mara ya pili, na ule ubishaji wa pili ndio uliokuwa na thamani.

Halafu ikaja sehemu ambayo ingeniua mimi kwa hofu kama ningekuwa mwandishi wa ripoti yao. Wakaguzi waligundua kwamba akina mama wanakumbuka vizuri sana, wanachanganya vizuri sana, na mtoto akiharisha hawatumii. Kiashiria kilikuwa kinang'aa na kazi ilikuwa imelala.

Wangeweza kunyamaza. Alama zilikuwa nzuri, fedha zilikuwa zinaingia. Badala yake wakaanza kuuliza kwa nini, na jibu mojawapo liliwarudia wenyewe: baadhi ya walimu, wao walipoharisha, walikunywa vidonge. Hawakuamini wanachofundisha, na akina mama waliwasoma usoni. Ikabidi walimu warudishwe darasani na kuonyeshwa jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini. Waliporudi vijijini walikunywa mchanganyiko huo mbele ya akina mama kabla ya kumwomba mtu mwingine anywe. Jibu jingine lilikuwa wanaume. Mradi ulikuwa umezungumza na akina mama peke yao, wakati baba ndiye aliyeamua mtoto akiumwa apelekwe kwa nani. Wakatumwa watu wa kuzungumza na wanaume pia, walipokusanyika.

Najiuliza barua ile kwa wafadhili iliandikwaje. "Tumefikia malengo yote na tumegundua hayatoshi, tunaomba kubadilisha mpango." Nimewahi kukaa mbele ya barua ya aina hiyo. Niliifuta, nikaandika "changamoto ndogo ndogo zilijitokeza na zinashughulikiwa".

Niliwahi kukaa upande wa pili

Itakuwa uongo nikijifanya sijui kwa nini visanduku vipo.

Kwa miezi michache niliwahi kuombwa kusaidia kusoma maandiko ya waombaji. Kila andiko lilikuwa na mtoto anayelia kwenye ukurasa wa kwanza. Kila moja lilikuwa na neno "shirikishi". Baada ya siku mbili huwezi tena kutofautisha mwenye uchungu wa kweli na aliyeajiri mwandishi hodari, na unaanza kushukuru kila mwenye namba, kwa sababu namba angalau unaweza kuzibishia. Tena fedha za hisani zina mwenyewe. Kuna zinazotoka kwa tajiri mmoja, na kuna zilizotoka kwa watu wa kawaida: Marekani ya mwaka 1938 ilianza kuchangishana senti kumi kumi dhidi ya polio, na senti hizo ndizo zilizogharimia majaribio ya chanjo ya Jonas Salk mwaka 1954, yaliyohusisha watoto wapatao milioni 1.8. Aliyetoa senti kumi ana haki ya kuuliza zimekwenda wapi. Nami kwa upande wangu nimeona risiti za mafuta ya pikipiki iliyokuwa juu ya mawe mwaka mzima.

Siku hizi kuna wanaojaribu njia nyingine. Tajiri wa Marekani MacKenzie Scott ametoa mabilioni ya dola tangu mwaka 2020 kwa mashirika aliyoyachunguza kimyakimya kabla, bila kuwapangia watumie kwa lipi. Niliposikia mara ya kwanza nilipiga makofi. Baadaye nikajiuliza: ningepewa mimi fedha bila kisanduku chochote, ningemlipa yule mhudumu kwa ziara kumi na moja? Au ningenunua gari?

Nadhani ningemlipa. Sina uhakika wa kuapa.

Kwa hiyo sitaki visanduku vifutwe. Ninachobishania ni nani anakijaza, kinauliza nini, na kama kuna ruhusa ya kurudi kusema kilikuwa kinauliza kisichofaa.

Hili si la jana. Septemba 1978, wajumbe wa serikali 134 walikutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovyeti wa wakati huo, na kukubaliana kuhusu huduma ya msingi ya afya kwa wote, jamii ikiwa na sauti, maji na chakula vikiwa ndani ya hesabu. Haukupita mwaka, kikao kingine kidogo kilichosaidiwa na wakfu wa Rockefeller kikafanyika Bellagio, Italia, na hoja ikawa kwamba yale yote ni mapana mno, hayana bei. Tuchague mambo machache yanayopimika kwa gharama nafuu. Kutoka hapo ndipo yakaja yale manne ya UNICEF ya miaka ya 1980: kupima ukuaji wa mtoto, maji ya chumvi na sukari, kunyonyesha, chanjo. Watoto wengi sana wako hai kwa sababu ya uchaguzi huo. Na mimi, nilipokuwa nikigawa bajeti yangu usiku ule, nilikuwa mjukuu wa Bellagio bila kujijua.

Rejista ya sifuri

Kisa kilichonigeuza kabisa kinahusu mnyoo wa Guinea.

Mwaka 1986, inakadiriwa watu milioni 3.5 kwa mwaka waliupata, katika nchi 21 za Afrika na Asia. Hauna chanjo wala dawa ya kuutibu. Mtu hunywa maji yenye viroboto maji waliobeba mabuu, na baada ya takribani mwaka mmoja mnyoo wenye urefu wa hata mita moja hutokeza kwenye ngozi, mara nyingi mguuni, ukiunguza kama moto. Anayetaka kupoza maumivu hutia mguu bwawani, na hapo mabuu mapya hurudi majini. Kituo cha Carter, taasisi ya hisani ya Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, kiliongoza kampeni dhidi yake kwa vitu vya kawaida: kitambaa cha kuchujia maji, dawa ya kutia kwenye mabwawa, na mtu wa kijijini anayezunguka kila siku kuuliza nani ana kidonda. Mwaka 2024 waliripotiwa wagonjwa 15 dunia nzima.

Kumi na watano. Kisha angalia miaka ya nyuma yake: mwaka 2015 walikuwa 22, mwaka 2019 wakapanda hadi 54, halafu 27, 15, 13, 14, na tena 15. Mbwa nao wamekutwa na mnyoo huo, na kazi ikawa ngumu upya. Jimmy Carter alisema hadharani kwamba angependa mnyoo wa mwisho ufe kabla yake. Alifariki Desemba 2024 na mnyoo bado upo.

Sasa mfikirie yule mtu wa kijijini anayezunguka. Mwaka huu amepita nyumba zote, kila siku, na kila mwezi ametuma taarifa: sifuri. Sifuri. Sifuri. Kwenye jedwali langu angeonekana hafanyi kitu. Gawa mshahara wake kwa idadi ya wagonjwa na huwezi hata kugawa, kwa sababu kompyuta itakuletea alama ya kosa. Ila akiacha kuzunguka, hutajua tena kama sifuri ni sifuri kweli au ni ukimya.

Nilikaa na hilo siku nzima. Kuna sehemu ya afya ya jamii ambayo ikifanikiwa haionekani, na inahitaji mtu anayelipwa aandike kwamba hakuona kitu. Fedha za hisani zimeweza kuilipia hiyo kwa karibu miaka 40, kwa sababu kuna watu walioamua kwamba kiashiria chao ni mnyoo wa mwisho, hata kama kila mnyoo unazidi kuwa ghali kuliko uliotangulia. Sisi wengine tuna mizunguko ya miaka 3.

Uendelevu

Neno hili lina ukurasa wake kwenye kila andiko. Mradi utaendeleaje baada ya ruzuku kwisha? Najua jibu linalotakiwa na nimeliandika zaidi ya mara kumi: jamii itamiliki, serikali itachukua, wahudumu wa kujitolea wataendelea.

Hilo la tatu ndilo linalonikera sasa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu wahudumu wa afya ya jamii. Linapendekeza walipwe kulingana na kazi na muda wao, wawe na mkataba, na malipo yasitegemee peke yake au kwa sehemu kubwa idadi ya kazi walizokamilisha. (Ndiyo, hili la mwisho linagongana na mbinu ya BRAC niliyoisifu hapo juu. Nimelitafakari. BRAC walilipa kwa mama anayekumbuka, na hata hivyo walilazimika kurudi na kurekebisha. Sidhani kuna kanuni moja.) Sisi tulikuwa tunatoa posho ya ziara, ndogo, ikichelewa, na tukaiita motisha. Mkono mtupu haulambwi, lakini tulikuwa tumeshaandika kwamba utaendelea kufanya kazi.

Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje karibu yote kwa mpigo, wafadhili binafsi waliulizwa kila kona kama wataziba pengo. Hawakuweza; hisani haijawahi kuwa na kimo hicho. Ila wiki zile zilinionyesha ni nini hasa kinachokatika kwanza. Dawa ghalani hubaki kwa muda. Jengo hubaki. Kinachokatika siku hiyohiyo ni nauli ya mtu wa kurudi.

Mara ya kumi na mbili

Mwezi uliopita niliandika andiko jipya, kwa mfadhili mwingine. Safari hii kiashiria cha kwanza ni wagonjwa walioacha matibabu wakarudi na kumaliza. Cha pili ni idadi ya ziara, zote, hata za kufukuzwa. Kuna fungu la mtu wa kupita tena kwenye baadhi ya nyumba baada ya miezi mitatu, na kuna aya inayosema kwamba katikati ya mradi tutaomba kubadilisha mpango, bado hatujui wapi.

Gharama kwa kila mnufaika imetoka kubwa kiasi kwamba niliihesabu mara nne.

Majibu ya awali yamekuja juzi. Ni ya heshima. Wameuliza swali moja: "Tafadhali fafanua kwa nini gharama kwa kila mtu ni kubwa kuliko ya waombaji wengine." Nimeandika aya tano, nikazifuta. Mwishowe nilimpigia simu yule mhudumu kumwomba picha ya ukurasa wa rejista yake, ule wa ziara kumi na moja, jina likiwa limefunikwa, niuambatishe kama ulivyo.

Nikamuuliza pia habari za yule mama.

"Alimaliza dawa," akasema. "Nimepita kwake jana."

"Jana? Si mradi umekwisha?"

"Umekwisha, ndiyo. Kwani yeye aliambiwa?"

Nikamuuliza nauli kapata wapi. Hilo hakulijibu. Aliniuliza kama kwenye karatasi yangu mpya nimeshapata pa kuandika ya kumi na mbili.